Filamu ya Clem

"Mimi usinipe damu," Philomena Sabo alisema huku akifinya kingo za unga kwa vidole vyake vinene. "Nipe ngome, nipe popo, nipe bwana mwenye joho anayemng'ata mtu shingo kwa heshima zake. Tena iwe ile ya zamani isiyo na rangi. Nikimaliza hiyo nalala kama mtoto mchanga."

"Kwa heshima!" Dolores Yanek alicheka mpaka unga ukaruka mezani. "Msikilizeni huyu! Kung'atwa nako kuna heshima?"

"Kulikuwa nayo. Bwana alivua kofia kwanza, akasalimia, ndiyo akang'ata. Hawa wa siku hizi wanakurukia kama mbwa aliyekosa chakula."

Wanawake wote waliozunguka ile meza ndefu, kwenye chumba cha chini cha kanisa la Mtakatifu Cyril, wakaangua kicheko. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na kama kila Ijumaa walikuwa wanafinya pierogi za kuuza: duara la unga, tonge la viazi na jibini katikati, unakunja, unafinya, unapanga kwenye sinia. Mikono ilikuwa na kazi yake na midomo ilikuwa na yake. Na Oktoba ikishaingia pale Brannock, midomo haina habari nyingine zaidi ya filamu za kutisha. Nani ameanza kuangalia zipi, nani alikojoa kwa hofu alipokuwa msichana, mume wa nani anajifanya dume kumbe anachungulia kupitia vidole.

Marcella Dobransky alikuwa mwisho wa meza, karibu na jiko. Alicheka na wenzake pale kwenye bwana wa kuvua kofia, maana Philomena alikuwa na ulimi wake na mtu hajizuii. Dolores akasema yeye kila mwaka ni ile ya nyumba yenye ngazi zinazolia zenyewe, anaiangalia na wajukuu wakiwa wamejifunika blanketi moja, na kikombe cha maji ya tofaa ya moto mkononi. Mwingine akasema yake ni ya mwanasesere anayefumbua macho. Marcella hakutaja yake, na hakuna aliyemuuliza. Walikuwa wamefinya unga pamoja miaka mingi, walijua wapi pa kupita na wapi pa kukwepa.

Aliyekuwa hajui ni Nadine Fusco. Alihamia mjini si miaka mingi iliyopita, akapata kazi ya kuuza tiketi na bisi pale ukumbi wa sinema wa Regent, na hiyo ndiyo ilikuwa Ijumaa yake ya kwanza kanisani.

"Mnataja za watu tu," Nadine alisema, "na yenu wenyewe mmeiacha! Ile ya wachimbaji. Kesho mchana tunaionyesha, na nawaambia, watu watajaa mpaka mlangoni."

Dolores alikohoa. Philomena alimkanyaga Nadine mguu chini ya meza, lakini kwa kukosa bahati alimkanyaga jirani yake, naye akasema, "We, vipi?"

Filamu yenyewe iliitwa *Wamerudi kwa Chakula cha Jioni*. Iliigizwa hapohapo Brannock, wakati mgodi wa makaa ulikuwa umeshafungwa na vijana hawana la kufanya. Kijana mmoja aliyesomea mambo ya kamera chuoni alirudi na wazo: wachimbaji waliofukiwa mgodini zamani wanafufuka jioni moja, wanapanda kilima na mikebe yao ya chakula, na kila mmoja anakwenda nyumbani kwake kubisha mlango. Aliwakusanya rafiki zake, akawapaka unga na masizi usoni, akawavalisha kofia ngumu za baba zao. Mmoja wa wale rafiki alikuwa Clem, mwana wa kwanza wa Marcella. Clem ndiye aliyecheza mchimbaji wa mwisho, yule anayefika nyumbani kwa mama yake, akabisha, na mama akasimama nyuma ya mlango hajui afungue au asifungue. Mwishowe anafungua. Majirani wenye bunduki wanawahi, wanampiga risasi palepale kwenye kibaraza.

Filamu ilikuwa bado haijatoka pale Clem alipokufa kweli. Ilikuwa Februari, alfajiri, anakwenda kazini kwenye kiwanda cha mabomba, gari likateleza kwenye barafu darajani. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Oktoba ya mwaka ule filamu ikaonyeshwa Regent kwa mara ya kwanza, na watu wakaipenda, kwanza kwa sababu ilikuwa yao, kisha kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko walivyotegemea. Tangu hapo hakuna Oktoba iliyopita bila kuonyeshwa. Ikawa sehemu ya Oktoba kama maboga na majani makavu. Watoto wakaanza kuivalia Halowini, jioni ya mwisho wa Oktoba: wakipita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, nusu yao walikuwa wamejipaka masizi na kubeba mikebe.

Hebu fikiria kuwa mama, ukafungua mlango, na hapo kibarazani amesimama mtoto mdogo aliyevaa kifo cha mwanao, anasema, "Peremende, tafadhali."

Marcella alifungua mara moja tu. Mwaka uliofuata alizima taa ya kibarazani ili watoto wasibishe, na hakuiwasha tena jioni ya Halowini. Yeye na mumewe Gene walikuwa wanakaa jikoni gizani wakila supu yao kimya mpaka watoto wamalizike mitaani. Na mapema kabisa, katika ile Oktoba ya kwanza, alikuwa amemwambia Gene neno moja: filamu ile isitajwe ndani ya nyumba hii. Gene aliitikia kwa kichwa. Hakuitaja tena mpaka siku alipokufa, mwezi wa Aprili mwaka huu, kwa moyo uliosimama akiwa anapogoa mti wa peasi uani.

Sasa Nadine, asiyejua katazo hilo, alikuwa amenyanyua macho kutoka kwenye unga. Mtu alikuwa amemwita Marcella kwa jina la ukoo, kumwomba sinia.

"Dobransky?" alisema. "Wewe ndiye mke wa mzee Gene? Jamani, mama, pole sana! Nimesikia juzi tu, wala sikujua alikuwa anasali hapa. Kile kiti chake tumekiacha hivyo hivyo. Meneja amesema kesho kisiuzwe."

"Kiti gani?" Marcella aliuliza.

"Kile chake cha siku zote. Cha pembeni, ukutani."

"Umemchanganya na mtu mwingine, mwanangu. Gene wangu hajakanyaga Regent tangu enzi hizo."

Nadine aliangalia huku na huku, akaona nyuso zilivyobadilika, akajua amegusa pasipoguswa. "Basi labda nimechanganya," alisema kwa sauti ndogo.

"Yukoje huyo wako?"

"Mama, labda siye."

"Nakuuliza yukoje."

"Mrefu. Ana koti la kijani, lile la wawindaji. Kila mwaka anakuja na mfuko wa mpira wa bolingi, anauweka kwenye kiti cha jirani kama mtu."

Hapo Marcella akaacha kufinya. Gene alikuwa na mchezo mmoja tu duniani, kuviringisha mpira mzito na kuangusha pini, na kila Oktoba, Jumamosi moja mchana, alichukua mfuko wake akasema leo kuna mashindano. Alirudi jioni koti likinuka siagi ya bisi na macho mekundu. Akiulizwa alisema ni moshi wa sigara za wachezaji wenzake. Hata baada ya sigara kupigwa marufuku kwenye ukumbi wa bolingi, alisema hivyohivyo, na Marcella hakuwahi kushtuka.

"Alikuwa anafanya nini pale?" aliuliza.

Nadine alimtazama Philomena kama mtu anayeomba ruhusa. Philomena aliinamisha kichwa.

"Anakaa tu, mama. Ananunua bisi ndogo, hali hata moja. Anamwangalia... anaangalia mpaka yule kijana anabisha mlango. Halafu ananyanyuka. Kabla hawajampiga risasi, yeye ameshatoka. Kila mwaka. Anapita pale kwangu ananiachia zile bisi, ananiambia, 'Mwaka huu anaonekana vizuri.' Mimi nilidhani ni utani wa wazee. Sikujua ni mwanaye mpaka juzi waliponiambia kafariki."

Marcella alimaliza sinia lake. Alikunja na kufinya maduara yote yaliyobaki, hakuruka hata moja. Akanawa mikono, akavaa koti, akaenda nyumbani.

Alipofika alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti. Hakulia. Kilichomkaa kifuani kilikuwa kitu kinachofanana na wivu, na aibu ndani yake. Miaka yote ile alidhani Gene amesahau. Alimwona anakata majani, anachezea redio, anacheka na jirani, na moyoni alikuwa akimlaumu: wewe mwanaume umepoa haraka. Kuna mwaka walipokuwa wakigombana kwa jambo la kijinga, bomba linalovuja, alimwambia wazi, "Wewe hata mwanao hukumlilia." Gene aliweka spana chini akatoka nje. Marcella alikumbuka mgongo wake ulivyopita mlangoni.

Akampigia simu Roz, binti yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye zahanati ya meno mji wa pili.

"Roz, baba yako alikuwa anakwenda Regent?"

"Nani kakwambia, Mama?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Nilikwenda naye mara moja, mwaka ule nilipoachana na Dale. Alinikuta barazani kwangu nalia, akaniambia, 'Vaa viatu, twende tukamwone kaka yako.' Mama, usinikasirikie."

"Miaka yote hiyo mnanificha mimi kama mtoto?"

"Ulikataza, Mama! Ulikataza wewe mwenyewe! Alisema, 'Mama yako hawezi, usimguse hapo.' Nifanyeje? Alisema ukijua utamkataza na yeye."

"Ningemkataza," Marcella alisema.

"Ndiyo."

"Ningemkataza kweli."

Akaweka simu mezani bila kuikata. Ilichukua muda kabla hajaichukua tena, na Roz alikuwa bado yupo, anasikika akipumua.

"Kesho uko kazini?"

"Jumamosi siendi."

"Njoo unichukue. Saa saba."

"Mama, una uhakika? Si lazima. Watu wanapiga kelele mle ndani, wanacheka, wanagonga mikebe. Hawana nia mbaya, lakini ni vurugu."

"Baba yako alivumilia kelele hizo peke yake. Njoo saa saba."

Siku ya pili mtaa wa Regent ulikuwa umejaa. Watu wazima walikuwa wamejipaka masizi bila haya, wazee wa heshima kabisa, mwalimu mkuu wa shule akiwa na kofia ngumu yenye taa. Wengi walibeba mikebe ya chakula na vijiko vya kuigongea. Marcella alivaa koti lake jeusi la kanisani. Baadhi walimtambua wakanong'ona alipopita mlangoni. Yeye aliwapita wima kama mtu anayepeleka sadaka.

Nadine alikuwa kwenye kaunta. Alipomwona alishika mdomo.

"Nipe bisi ndogo," Marcella alisema.

"Chukua, mama. Chukua tu. Na jana, mama, nisamehe, mimi mdomo wangu..."

"Mdomo wako umefanya vizuri. Kiti ni kipi?"

Kiti kilikuwa ukutani kama alivyosema, kitambaa chake kimechakaa upande mmoja wa kuegemea kiwiko. Marcella akakaa humo. Roz akakaa kiti cha pili, pale palipokuwa pakikaa mfuko. Taa zikazimwa.

Mwanzoni Marcella hakuielewa ile filamu, kwa sababu macho yake yalikuwa yakitafuta mambo mengine. Wachimbaji walikuwa wakitoka mgodini mmoja mmoja, watu wakigonga mikebe yao kwa kila anayetokea na kumwita kwa jina la kweli: yule ni Stush mwenye duka la matairi, yule ni Milt, angalia Milt alivyokuwa na nywele! Waliokuwa wakiitwa walikuwa wamekaa mlemle ukumbini, wamenenepa, wanainua mikono kupokea makofi. Mayowe yalikuwa ya furaha. Marcella hakuwa amelitegemea hilo. Miaka yote alikuwa akidhani kule Regent wanamcheka mwanawe.

Kisha ikaja barabara yao wenyewe. Alikuwa amesahau. Gene ndiye aliyewaruhusu vijana wapige picha kwenye nyumba yao, siku ile Marcella alipokuwa kazini kwenye jiko la shule. Ile pale nyumba, na rangi yake ya zamani. Yale pale mapazia ya jikoni yenye cheri, ambayo aliyashona mwenyewe na kuyatupa baadaye. Yule pale mbwa wao Bosko, amelala pembeni ya ngazi, hana habari na filamu ya mtu.

Na chini ya barabara, akipanda taratibu na mkebe mkononi, Clem.

Ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyegonga wala kuita. Roz alimwinamia akamnong'oneza, "Hapa huwa wananyamaza, Mama. Wote wanajua."

Clem alitembea kama maiti anavyotakiwa kutembea, mguu mmoja ukiburuta, mpaka akasahau ni upi na kuanza kuburuta wa pili. Uso ulikuwa mweupe wa unga, macho yamezungushiwa masizi. Akapanda ngazi za kibaraza. Kamera ikamsogelea, uso ukajaa skrini nzima, ukawa mkubwa kuliko mlango wa kanisa, na hapo Marcella akaona kitu ambacho pengine hakuna mwingine mle ndani aliyewahi kukijua. Pembe ya mdomo, upande wa kushoto, ilikuwa inacheza. Clem alikuwa anajizuia kucheka. Alikuwa hivyohivyo tangu utotoni: kwenye misa, kwenye mazishi ya babu yake, akiambiwa atulie, pembe ile ya mdomo ilikuwa inamsaliti, na Marcella alikuwa anamfinya paja ili asiwaaibishe.

Mkono wa Marcella ukaenda wenyewe kwenye paja la Roz, ukafinya.

"Mama?"

"Anataka kucheka," Marcella alisema. "Mwone. Anataka kucheka, mshenzi huyu."

Clem akabisha mlango. Ndani, mama wa kwenye filamu, binti wa chuo aliyemwagiwa unga kichwani ili aonekane mzee, akasimama na mkono kwenye kitasa. Hapo ndipo ukumbi mzima, kama ilivyo desturi, ulipoanza kupiga kelele: "Usifungue! Mama, usifungue! Usifungue!" Mikebe ikagongwa mpaka kuta zikatetemeka. Roz akaanza kunyanyuka, akachukua koti lake.

"Twende, Mama. Baba alikuwa anaondoka wakati huu."

"Kaa chini."

"Wanampiga risasi sasa hivi."

"Najua. Kaa."

Na katikati ya kelele zile, Marcella, ambaye hakuwahi kupaza sauti mahali pa watu, alisema, "Mfungulie." Hakusema kwa nguvu. Waliosikia labda ni wawili watatu wa mstari wa mbele, na mmoja wao akageuka, akamwona ni nani, akaweka kijiko chake chini.

Mlango ukafunguliwa. Majirani wakatokea na bunduki, zikalia, Clem akaanguka. Alianguka vibaya, hakuanguka kama mtu aliyekufa. Alitanguliza kiganja kujikinga, kama mtoto anayejikwaa. Marcella alifumba macho, akayafumbua tena, akamwona amelala kwenye mbao za kibaraza ambazo yeye alizifagia kila siku, na mama wa filamu amepiga magoti anamfuta masizi usoni kwa aproni. Muziki ukapanda, picha ikawa nyeusi, majina yakaanza kupita. Watu wakapiga makofi, taa zikawaka nusu, makoti yakaanza kuvaliwa. Wengine wakaanza kutoka.

Marcella hakuweza kunyanyuka. Ndiyo sababu wakabaki.

Majina yalipomalizika picha ikarudi, bila sauti. Wale vijana waliitia hapo mwishoni kwa mzaha wao, vipande vya siku za kuigiza: Stush anaangusha kamera, Milt anamwagiwa maji, Bosko anakimbia na kofia ya mtu. Kisha kikaja kibaraza tena. Clem amelala palepale, amekufa. Mtu asiyeonekana akatoa ishara. Na Clem akanyanyuka. Alikaa kwanza, akapangusa unga kwenye nywele, akacheka kicheko chote alichokuwa amekibana, meno yote nje. Akasimama, akajipiga vumbi matakoni. Akageuka kuelekea pembeni ya kamera, kwa mtu aliyekuwa amesimama pale, akasema neno moja au mawili. Halafu akatoka kwenye picha akiwa anatembea vizuri kabisa kwa miguu yote miwili.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu, ila skrini nyeupe.

Roz alikuwa amesimama na koti mkononi. "Sikuwahi kuona hicho," alisema. "Mama, mimi sikukiona. Tulitoka."

"Baba yako naye hakukiona," Marcella alisema.

Hapo ndipo alipolia. Miezi yote tangu Aprili alikuwa amelia kama mjane anavyotakiwa kulia, kwa leso na kwa mpango. Hiki kilikuwa kilio kingine. Kilimtoka kwa sauti, mbele ya wafagiaji na mwalimu mkuu mwenye masizi. Alimlilia Gene aliyekuwa akinyanyuka kila mwaka muda mfupi tu kabla, akipita gizani na mfuko wake na bisi zake nzima, asije akamwona mwanawe anauawa. Akaenda zake na kifo kichwani, na nyuma yake mwanawe ananyanyuka anacheka kwenye ukumbi mtupu. Kama angekuwa na mtu wa kumshika mkono, angekaa. Mtu huyo alikuwa nyumbani, amekataza.

Nadine alikuja na glasi ya maji. "Ningemwambia," alikuwa akirudia. "Mungu wangu, mama, neno moja tu. Nilidhani anaijua yote, mtu wa miaka yote ile. Nani angedhani hajui?"

"Hukujua," Marcella alimwambia. "Kunywa wewe hayo maji, unatetemeka."

Siku ya kuwaombea marehemu, mwanzoni mwa Novemba, watu wa Mtakatifu Cyril hupanda makaburini na mishumaa kwenye vikombe vyekundu. Marcella na Roz walikwenda mchana, wakati upepo ulikuwa umetulia. Gene na Clem wamelazwa bega kwa bega chini ya jiwe moja, na kwenye lile jiwe Marcella ana nafasi yake. Walifagia majani, wakawasha mishumaa. Kisha Marcella, bila kumtazama binti yake, akaanza kumsimulia Gene mwisho wa filamu. Alimsimulia kama mtu anayemweleza mwenzake aliyelala usingizi kwenye kochi: majina yanapita, wewe usinyanyuke, subiri, mbwa anakimbia na kofia, halafu kibaraza, halafu anakaa, anapangusa nywele, anacheka.

"Halafu anakwambia wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa umesimama pale pembeni, si ndiyo? Mimi nilikuwa kazini. Ni nani mwingine angekuwa pale kibarazani kwetu?"

"Anasema nini, Mama?" Roz aliuliza. "Mimi niliona kama anasema 'nina baridi'."

"Baridi gani, ilikuwa Julai! Anasema 'nina njaa'."

"Mdomo haukuwa hivyo."

"Mimi ndiye niliyemlisha, najua mdomo wake ukisema njaa unakuwaje."

"Sawa, lakini mimi niliona baridi."

Walibishana hivyo kwa muda, sauti chini, mikono mifukoni. Hawakukubaliana. Mwishowe Marcella akamwambia Gene yote mawili, kwamba ama alisema ana njaa ama alisema ana baridi, na kwamba yeye anayejua hasa ni Gene mwenyewe, ila ndiyo hivyo, hakuna tena wa kumuuliza. Roz alimshika mkono wakashuka kilima polepole, kwa sababu majani yalikuwa na unyevu na magoti ya Marcella hayakuwa ya kuaminika.